Mwanafunzi ni Shahidi, si Hakimu: Upendeleo katika Tathmini za Wahadhiri Mtandaoni

Ikisiri

Makala haya yanachunguza upendeleo unaojitokeza pale wanafunzi wa chuo kikuu wanapowatathmini wahadhiri wao kwa kujaza hojaji mtandaoni. Muktadha wake ni kaunti za Kitui na Makueni nchini Kenya, na mfano wake mkuu ni mhadhiri wa Kiswahili anayefundisha katika eneo hilo. Makala yanadai kwamba hojaji hizo hupima matarajio ya msikilizaji sambamba na kazi ya mfundishaji, na kwamba mambo hayo mawili hayatenganiki kwa kutafuta wastani wa alama. Kwa kutumia maarifa ya isimujamii na uhakiki wa fasihi, makala yanapendekeza kwamba mwanafunzi achukuliwe kuwa shahidi wa yale aliyoyaona na kuyasikia darasani, na kwamba ushahidi wake usomwe kwa makini kama inavyosomwa matini yoyote yenye msimulizi.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kwamba akipenda, chongo huita kengeza. Methali hii hutumiwa aghalabu kuhusu mahaba, lakini ukweli wake unaenea hadi kwenye kila hukumu ambayo binadamu humtolea binadamu mwenzake. Jicho lililo mbele ya watazamaji wawili ni lilelile. Kinachotofautiana ni jina ambalo kila mmoja huliita kulingana na uhusiano wake na mwenye jicho.

Karibu na mwisho wa muhula, mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Kenya huombwa kufungua ukurasa wake wa mtandaoni na kuwatathmini wahadhiri waliomfundisha. Huulizwa iwapo mhadhiri alifika darasani kwa wakati, iwapo anaimudu taaluma yake, iwapo alifundisha kwa uwazi na iwapo alirudisha kazi zilizosahihishwa. Kila swali hujibiwa kwa kuchagua nambari, kwa kawaida kuanzia 1 hadi 5. Chini kabisa huachwa nafasi ya maoni. Jina la mwanafunzi halionekani kwa mhadhiri.

Shughuli hii huchukua dakika chache, lakini matokeo yake si madogo. Mhadhiri wa muda, ambaye mkataba wake hufanywa upya muhula hadi muhula, anaweza kuitwa tena au kuachwa. Mhadhiri kijana anayetafuta kupandishwa cheo huulizwa kuhusu tathmini zake. Kwa upande mwingine, mwanafunzi ambaye mhadhiri wake amekosa vipindi vingi huenda hana mahali pengine pa kulisema hilo bila hofu. Pande zote mbili basi zina haki ya kuuliza: jibu la mwanafunzi katika hojaji linamsema nani? Linamsema mhadhiri aliyefundisha, au linamsema mwanafunzi aliyesikiliza?

2.0 Muktadha: Kitui na Makueni

Elimu ya chuo kikuu ina historia fupi katika kaunti hizi mbili. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, chenye makao yake Kwa Vonza katika kaunti ya Kitui, kilianzishwa mwaka 2008 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, katika mahali palipokuwa na Taasisi ya Kilimo ya Ukamba. Kilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013. Kimekuwa pia na bewa katika mji wa Wote, makao makuu ya kaunti ya Makueni.

Chuo cha umma katika eneo hili hakiwi cha wenyeji peke yao. Kwa kuwa wanafunzi wa vyuo vya umma hupangiwa nafasi katika ngazi ya taifa, darasa moja linaweza kuwa na mwanafunzi kutoka Mwingi, mwingine kutoka Mbooni, na wengine kutoka Kisumu, Bungoma au Kilifi. Kwa upande wa wafanyakazi, Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inazuia taasisi ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja. Kwa hiyo ukumbi wa mihadhara ni mahali ambapo masikio yenye mazoea tofauti hukutana na ndimi zenye malezi tofauti. Hali hii ni neema kwa taaluma. Hata hivyo, ndiyo pia inayofanya suala la upendeleo kuwa zito, kwa sababu kila msikilizaji huingia darasani akiwa na picha yake ya jinsi mhadhiri anavyopaswa kuonekana na kusikika.

3.0 Dhana ya Upendeleo

Katika mazungumzo ya kawaida, upendeleo ni tendo la kusudi: mtu anamjua aliye bora na bado anampa mwingine ushindi. Katika makala haya neno hili lina maana pana zaidi. Upendeleo ni mwelekeo wa kudumu wa kipimo kuegemea upande mmoja, awe anayepima anakusudia hivyo au la. Unaweza kumwinua anayepimwa au kumshusha.

Tofauti kati ya kosa la kubahatisha na upendeleo yaweza kufafanuliwa kwa mizani ya sokoni. Kitui ni kaunti inayosifika kwa zao la ndengu. Mchuuzi akipima gunia moja mara kumi huku mkono ukimtetemeka, mara nyingine atapata uzito uliozidi na mara nyingine uliopungua. Akichukua wastani wa vipimo hivyo, atakaribia uzito wa kweli. Lakini ikiwa tope limekauka chini ya sahani ya mizani, kila kipimo kitaongeza uzito uleule. Akipima mara mia, atakosea mara mia, na wastani wake utakuwa na kosa hilohilo.

Wanaotetea tathmini za wanafunzi husema kwamba mwanafunzi mmoja anaweza kukosea, ila mia moja hawawezi kukosea pamoja. Hoja hii ni sahihi kuhusu mkono unaotetemeka. Kuhusu tope, haina nguvu. Ikiwa wanafunzi mia moja wamelelewa katika jamii moja yenye dhana moja kuhusu nani anafanana na msomi, wingi wao huithibitisha dhana ile tu.

4.0 Ushahidi kutoka Kwingineko

4.1 Jinsia

Ugumu wa kuchunguza upendeleo wa kijinsia ni kwamba wahadhiri wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, hutofautiana kwa mengi zaidi ya jinsia. Lillian MacNell na wenzake walipata njia ya kuuepuka ugumu huo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015 nchini Marekani. Katika kozi iliyofundishwa mtandaoni, ambapo wanafunzi hawakumwona mfundishaji, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja walifundisha makundi mawili kila mmoja: kundi moja kwa utambulisho wake wa kweli na jingine kwa utambulisho wa mwenzake. Wanafunzi walikuwa 43. Kazi zao zilirudishwa kwa wakati mmoja katika makundi yote, lakini walipoulizwa kuhusu wepesi wa kurudisha kazi, aliyedhaniwa kuwa mwanamume alipata wastani wa 4.35 kati ya 5, na aliyedhaniwa kuwa mwanamke alipata 3.55. Swali lilihusu kalenda, jambo lisilo na fumbo lolote, na bado jina lilibadilisha jibu.

Idadi ya wanafunzi 43 ni ndogo, na mtu anaweza kusita kujenga hoja juu yake. Utafiti wa Friederike Mengel na wenzake, uliochapishwa mwaka 2019, ulitumia karibu tathmini 20,000 za Chuo Kikuu cha Maastricht nchini Uholanzi, ambako wanafunzi walikuwa wamegawanywa katika makundi bila wao kuchagua. Wahadhiri wa kike walipata alama za chini kuliko wanaume, hasa kutoka kwa wanafunzi wa kiume, na walioathirika zaidi walikuwa wanawake vijana walioanza kazi. Matokeo ya mitihani hayakuonyesha kwamba walifundisha vibaya. La kushangaza zaidi ni kwamba hata vitabu na vifaa vya kozi vilipewa alama za chini pale mfundishaji alipokuwa mwanamke, ilhali vifaa hivyo vilikuwa vilevile kwa makundi yote.

4.2 Sura na sauti

Mwaka 1992 Donald Rubin wa Chuo Kikuu cha Georgia alichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila mwanafunzi wa isimujamii anafaa kulifahamu. Wanafunzi walisikilizishwa mhadhara uliorekodiwa kwa sauti ya mzungumzaji mzawa wa Kiingereza cha Marekani. Kundi moja lilionyeshwa picha ya mwanamke Mzungu, na jingine picha ya mwanamke mwenye asili ya Kiasia. Waliotazama picha ya pili walidai kusikia lafudhi ya kigeni ambayo haikuwemo katika sauti ile. Hivyo basi, lafudhi inaweza kuzaliwa katika jicho la msikilizaji kabla haijafika sikioni.

4.3 Utumbuizo na ufundishaji

Mwaka 1970 mwigizaji wa Marekani, Michael Fox, alipewa jina la Dkt. Myron L. Fox na kutumwa kutoa mhadhara kwa wataalamu wa tiba ya akili na elimu. Mhadhara wake ulisukwa makusudi kwa maneno yanayojipinga na istilahi zisizo na maana, lakini aliutoa kwa mzaha, uchangamfu na haiba. Wasikilizaji walimpa tathmini nzuri. Donald Naftulin na wenzake waliripoti tukio hilo mwaka 1973. Wasikilizaji wale hawakuwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, walikuwa wataalamu.

Scott Carrell na James West nao, katika utafiti wa mwaka 2010, walichunguza Chuo cha Jeshi la Anga cha Marekani, ambako wanafunzi hupangiwa walimu bila kuchagua na wote hufanya mtihani mmoja. Walimu waliosifiwa zaidi ni wale ambao wanafunzi wao walifanya vyema katika mtihani wa kozi ileile. Lakini katika kozi zilizofuata, wanafunzi waliofundishwa na walimu wenye uzoefu mkubwa, ambao hawakuwa wamesifiwa sana, ndio waliofaulu zaidi.

Mkulima wa Makueni hahitaji kuelezwa jambo hili kwa takwimu. Tuta la fanya juu, lile linalochimbwa kwa kurusha udongo upande wa juu wa mteremko, huchosha mgongo siku ya kuchimbwa. Anayeulizwa jioni ile kama kazi ilikuwa nzuri ataujibu uchungu wa mgongo wake. Thamani ya tuta hujulikana mvua inaponyesha na udongo ukabaki shambani. Hojaji ya mwisho wa muhula humuuliza mchimbaji jioni ileile.

5.0 Mhadhiri wa Kiswahili Ukambani

Wahadhiri wa hisabati na wa kilimo hupimwa kwa wanachokisema. Mhadhiri wa Kiswahili hupimwa pia kwa namna anavyokitamka, kwa kuwa lugha ni somo lake na ni chombo chake. Kwa sababu hiyo, upendeleo wa lafudhi humwelemea kuliko wenzake.

Kikamba kina irabu saba, ambapo Kiswahili kina tano. Sauti /r/ haimo katika mfumo wa asili wa Kikamba. Ni kawaida basi kwa msemaji aliyelelewa kwa Kikamba kubeba baadhi ya sifa za lugha yake ya kwanza anapozungumza Kiswahili, kama wafanyavyo wasemaji wa Kijaluo, Kikalenjin au Kigiriama. Vichekesho vya redio na runinga nchini Kenya vimezitumia lafudhi hizi kwa muda mrefu kuwachekesha watu, hata baadhi ya wasikilizaji wamezoea kuunganisha lafudhi fulani na mzaha. Mzoea huo hauachwi mlangoni mwanafunzi anapoingia darasani.

Isitoshe, dhana kwamba Kiswahili kina mwenyewe na mahali pake si ngeni. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita, chenye hazina kubwa ya ushairi, kikaachwa kando. Uamuzi ule wa kiutawala ulihitajika kwa ajili ya vitabu na shule, lakini uliacha nyuma yake mazoea ya kukipima Kiswahili cha mtu kwa umbali wake na kituo fulani. Mwanafunzi wa leo anaweza kumdhania mhadhiri mwenye jina la Pwani kuwa mjuzi kabla hajatamka neno, na kumdai mhadhiri mwenye jina la Kikamba uthibitisho kila siku. Anaweza pia kufanya kinyume chake: kumpenda wa nyumbani kwa kuwa ni wa nyumbani, na kumwona wa Pwani kuwa mwenye maringo. Mielekeo yote miwili ni tope chini ya sahani; upande wa kuegemea tu ndio tofauti.

Suala la jinsia nalo lina sura yake ya kiisimu. Kiambishi a- cha nafsi ya tatu umoja hakitenganishi mke na mume, hivyo sentensi "anafundisha vizuri" haitoi siri ya jinsia. Siri hiyo hutolewa na msamiati. Katika vyuo vya Kenya si ajabu kusikia mhadhiri wa kiume akiitwa "Daktari" hata kabla hajakamilisha shahada ya uzamifu, na mwenzake wa kike aliyeikamilisha akiitwa "Madam". Ukambani mwanamke mwenye heshima huitwa "mwaitu", yaani mama. Ni jina la heshima kubwa, lakini huja na matarajio yake. Mama husamehe, mama huongeza muda wa kuwasilisha kazi, mama hamnyimi mtoto alama mbili. Mhadhiri wa kike anaposhikilia tarehe aliyoitangaza, huhesabiwa kuwa amevunja desturi ya umama. Wa kiume akifanya vivyo hivyo, husifiwa kuwa ana msimamo. Neno Mwalimu, ambalo halina jinsia wala kabila, lingetosha kwa wote.

6.0 Kasoro za Wastani

Hata pasipokuwa na upendeleo, namna alama zinavyojumlishwa inaweza kupotosha. Tuchukue mfano wa kubuni wa darasa lenye wanafunzi 80, ambapo 20 pekee ndio waliojaza hojaji. Kati yao, 16 wamempa mhadhiri alama 4, na wanne waliokasirishwa na matokeo ya jaribio wamempa alama 1. Wastani wake ni 3.4. Kama wanne wale wasingejaza, wastani ungekuwa 4.0. Wanafunzi wanne kati ya 80, yaani asilimia 5 ya darasa, wamemshusha mhadhiri kutoka daraja la wanaosifiwa hadi daraja la wanaoitwa na mkuu wa idara, huku 60 wakinyamaza.

Tuwachukue tena wahadhiri wawili wenye wastani wa 3. Wa kwanza amepewa 3 na kila mwanafunzi. Wa pili amepewa 5 na nusu ya darasa na 1 na nusu nyingine. Nambari yao ni moja, lakini madarasa yao hayafanani hata kidogo. Darasa la kwanza limepoa. La pili limegawanyika, na sababu ya mgawanyiko huo ndiyo inayofaa kutafutwa. Wastani huifukia sababu hiyo. Aidha, umbali kati ya "mbaya" na "wastani" katika akili ya mwanafunzi mmoja si lazima ulingane na umbali huo katika akili ya mwingine, ingawa tarakilishi huzijumlisha nambari zote kana kwamba ni shilingi.

7.0 Kuyasoma Maoni kama Matini

Mwaka 1961 mhakiki Wayne C. Booth alifafanua dhana ya msimulizi asiyeaminika. Msimulizi wa namna hiyo si lazima awe mwongo. Huenda hajui yote, huenda ana maslahi, huenda analiona tukio kutoka pembe moja tu. Msomaji makini hamfukuzi. Humsikiliza huku akijiuliza amesimama wapi. Stadi hii ambayo wanafunzi wa fasihi hufunzwa kwa riwaya inafaa pia kwa hojaji. Zifuatazo ni kauli nne zilizobuniwa kwa ajili ya mjadala huu:

(a) "Anajua sana, lakini ni mkali, hana moyo wa mama."
(b) "Darasa lake halichoshi, ni mtu wa watu."
(c) "Kiswahili chake kina Kikamba kingi."
(d) "Insha ya kwanza ilirudishwa baada ya jaribio la pili, kwa hiyo hatukujua makosa yetu mapema."

Kauli (a) ina ushahidi na hukumu. Ushahidi ni kwamba mhadhiri anaimudu taaluma yake. Hukumu imejengwa juu ya neno "mama", na swali la mhakiki ni rahisi: je, mwanamume angeandikiwa kwamba hana moyo wa baba? Kama jibu ni la, basi sehemu hiyo inasema zaidi kuhusu matarajio ya mwandishi. Kauli (b) ni sifa, na sifa nazo zahitaji kuhojiwa. Haituelezi mwanafunzi alijifunza nini, na Dkt. Fox angeistahiki kikamilifu. Kauli (c) ndiyo ngumu kuliko zote. Inaweza kumaanisha kwamba mhadhiri hutumia miundo isiyokubalika kisarufi katika somo la sarufi, jambo ambalo lina uzito. Inaweza pia kumaanisha kwamba anatamka kama mtu wa Ukambani, jambo ambalo si kosa. Bila mfano wa sentensi iliyotamkwa, kauli hiyo haitoshi kumshtaki mtu. Kauli (d) haina sifa wala tusi. Inataja tendo, wakati na athari yake, na inaweza kuthibitishwa kwa kuangalia tarehe. Ndiyo iliyo na manufaa makubwa kwa mhadhiri na kwa idara.

Tofauti kati ya (d) na nyingine haimo katika tabia njema ya mwandishi. Imo katika aina ya swali aliloulizwa. Anayeulizwa "mhadhiri huyu ni bora kiasi gani?" ameketishwa kwenye kiti cha hakimu bila sheria mkononi. Anayeulizwa "insha ya kwanza ilirudishwa lini?" ameitwa kutoa ushahidi, na ushahidi anao.

8.0 Pingamizi na Mapendekezo

Huenda ikadaiwa kwamba hoja hizi zinampokonya mwanafunzi sauti na kumkinga mhadhiri mzembe. Pingamizi hili lina uzito, kwa maana wahadhiri wazembe wapo, na aliye chini ndiye huumia. Lakini mhadhiri mzembe ndiye anayenufaika na maswali ya jumla, kwa kuwa anaweza kununua alama za 5 kwa mzaha darasani na ukarimu katika kusahihisha. Anachokihofia ni swali la vipindi vingapi alivyofundisha. Ushahidi mahususi humpa mwanafunzi sauti isiyoweza kupuuzwa kuwa chuki. Kwa msingi huu, makala yanapendekeza yafuatayo:

Kwanza, hojaji ziulize yale ambayo mwanafunzi ameyashuhudia: mahudhurio, kurudishwa kwa kazi, kusikika kwa sauti, kupatikana kwa mhadhiri nje ya darasa. Umilisi wa taaluma upimwe na wahadhiri wenzake watakaoketi darasani na kusoma mihutasari na mitihani yake. Hata ushahidi uthibitishwe kwa kumbukumbu inapowezekana, kwa kuwa utafiti wa MacNell umeonyesha kwamba hata kalenda inaweza kukumbukwa vibaya.

Pili, hojaji itanguliwe na maelezo mafupi yanayomkumbusha mwanafunzi kuhusu upendeleo. Utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Iowa State na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba maelezo ya namna hiyo yaliinua alama za wahadhiri wa kike bila kuzibadilisha za wanaume.

Tatu, kozi zinazofundishwa kwa Kiswahili zitathminiwe kwa Kiswahili. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Mwanafunzi anayejieleza kwa lugha ya kozi atataja kwa usahihi zaidi kilichofanyika katika kozi.

Nne, idara zisomewe mgawanyo wa alama na idadi ya waliojibu, wala zisitegemee wastani peke yake. Mwaka 2018 mwamuzi William Kaplan, katika shauri la Chuo Kikuu cha Ryerson nchini Kanada, ambacho tangu mwaka 2022 kinaitwa Toronto Metropolitan, aliamua kwamba tathmini za wanafunzi zisitumiwe kupima ubora wa ufundishaji katika kupandisha vyeo. Uamuzi huo haumfungi mtu Kitui, lakini hoja zake zinastahili kusomwa huko. Ibara ya 27 ya Katiba ya Kenya yenyewe inakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, asili ya kikabila, mavazi na lugha, miongoni mwa mengine. Uamuzi wa ajira unaotegemea alama zilizobeba mambo hayo unaikaribia marufuku hiyo.

Tano, malalamiko mazito kama vile kudai rushwa au unyanyasaji wa kingono yawe na mlango wake mahususi, wenye usiri na wenye mtu wa kuyafuatilia. Mlalamikaji wa jambo kama hilo asiachiwe mistari miwili chini ya hojaji.

Sita, wanafunzi wa Kiswahili walichunguze suala hili wenyewe. Mbinu ya sauti fiche, aliyoitumia Wallace Lambert na wenzake huko Montreal mwaka 1960, inafundishwa katika isimujamii: msemaji mmoja hurekodiwa akitumia lugha au lafudhi mbili, na wasikilizaji humtathmini wakidhani ni watu wawili. Mhadhara mmoja wa dakika kumi kuhusu ngeli, ukirekodiwa kwa lafudhi ya Kikamba na kwa lafudhi ya Pwani, unaweza kuwasikilizishwa wanafunzi wa Kwa Vonza na wa Wote. Kibali cha utafiti kikipatikana kutoka Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ikizingatiwa, kazi hii iko ndani ya uwezo wa tasnifu ya uzamili.

9.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba tathmini ya mhadhiri ni matini yenye msimulizi, na kwamba msimulizi huyo amelelewa mahali fulani, kwa lugha fulani, akiwa na picha fulani ya msomi. Tafiti za Marekani na Uholanzi zimeonyesha jinsi jina na jinsia vinavyobadilisha alama, na jinsi picha inavyobadilisha hata kile sikio linachodai kusikia. Hali ya Kitui na Makueni inaongeza lafudhi ya Kikamba, heshima ya umama na historia ya usanifishaji wa Kiswahili. Hakuna lolote kati ya hayo linalomfanya mwanafunzi kuwa mwovu, wala linalomfanya mhadhiri kuwa mtakatifu.

Mwanafunzi wa Kiswahili ana wajibu wa ziada katika jambo hili, kwa kuwa ndiye aliyefunzwa kutofautisha lafudhi na kosa, sifa na hoja, msimulizi na tukio. Muhula huu utakapokwisha, hojaji itafunguliwa tena. Kabla hajachagua nambari, na ajiulize: nilichoandika hapa nilikiona, au nilikuja nacho?